Jinsi ya Kula Chakula cha Kiburma Mgahawani Mkiwa Kundi la Marafiki

Ukienda peke yako kwenye mgahawa wa Kiburma utaagiza sahani moja, utashiba, na utarudi nyumbani bila kujua chakula cha Kiburma ni kitu gani. Mlo wa Kiburma ni wali uliowekwa katikati na vitu vitano au sita vilivyouzunguka: kimoja kichachu, kimoja chenye mafuta, kimoja cha majimaji, kimoja cha kutafuna kwa kelele, na kimoja chenye harufu kali kinachotiwa kidogo sana. Tonge moja huhitaji vitu viwili au vitatu kati ya hivyo ndipo ladha ikamilike. Kwa sababu hiyo, shauri la kwanza ninalolitoa ni kwamba muwe watu wanne au zaidi, na mkubaliane kabla ya kuketi kwamba hakuna sahani ya mtu mmoja.

Nalisema hilo kwa sababu safari yetu ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Tulikuwa watu wanne katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, upande wa magharibi wa mji, ambako familia zilizokimbia vita vya Burma na familia zilizokimbia vita vya Kongo zimekuwa majirani kwa miaka mingi. Kila mmoja aliagiza chake. Mwenzetu wa Bukavu alipata saladi ya majani ya chai na kujaribu kuimaliza yote peke yake. Mwenzetu wa Tanga aliletewa mchuzi wenye mafuta mengi, naye hakuwa ameagiza wali. Mimi nilikunywa supu chachu isiyokuwa na cha kusindikizwa nayo. Tulitoka tukikilaumu chakula, na chakula hakikuwa na kosa. Mara ya pili tuliagiza vitu vilevile, tukaviweka katikati kama watu wanaokula sinia moja, na tangu siku hiyo tumekuwa wateja.

Kabla ya kwenda, ulizeni jiko ni la nani. Nchi ya Burma ilibadilishiwa jina rasmi mwaka 1989 ikaitwa Myanmar, lakini wengi waliohamia nje bado huiita Burma, na migahawa mingi hutumia jina hilo la zamani, ambalo hata kwetu lilibaki midomoni mwa wazee tangu askari wa Afrika Mashariki walipopelekwa kupigana huko katika Vita Kuu ya Pili. Ndani ya nchi hiyo wamo Wabama, ambao ndio wengi, na pia Washan, Wakaren, Wachin, Wakachin, Wamon, Warakhine, Warohingya na wengine, na kila jamii ina chungu chake. Mwenye mgahawa akiwa Mchin, huenda akawa na *sabuti*, supu ya mahindi meupe yaliyochemshwa kwa muda mrefu pamoja na nyama na matumbo, ambayo mtu aliyelelewa kwa makande ataitambua kwa kijiko cha kwanza. Mwenye mgahawa akiwa Mshan, tafuteni tambi zake na tofu yake, yaani vipande laini kama jibini, ya unga wa dengu. Kumuuliza mwenyeji ni chakula gani cha kwao anachokipika vizuri zaidi ni heshima kwake, na mara nyingi jibu lake ni sahani ambayo haimo kwenye menyu.

Menyu yenyewe itawatisha kwa majina, lakini maneno machache yanatosha kuifungua. *Htamin* ni wali. *Hin* ni mchuzi mzito wa nyama au samaki, na *hin gyo* ni supu nyepesi. *Thoke* ni saladi, na maana yake ni kitu kilichochanganywa kwa mkono. *Kyaw* ni kilichokaangwa. *Khauk swe* ni tambi. Kisha kuna nyama: *kyet* ni kuku, *ame* ni ng'ombe, *nga* ni samaki, *pazun* ni kamba, na *wet* ni nguruwe. Kwa msemaji wa Kiswahili matamshi si magumu sana, kwani "ky" husomwa karibu na "ch" yetu, na herufi ya mwisho katika maneno kama *kyet* na *wet* humezwa kooni. Kuna neno moja litakalowashangaza: *ngapi*. Kwa macho ni swali letu la kila siku sokoni, lakini hutamkwa kwa "ng'" ya ng'ombe, nalo ni jina la samaki au uduvi waliotiwa chumvi, wakachachushwa na kupondwa hadi wakawa kama uji mzito. Bila ngapi hakuna jiko la Kiburma.

Waislamu wajihadhari na neno *wet*, na wasiishie kulisoma tu. Nyama ya nguruwe hupendwa sana na Wabama wengi, na swali la maana si kama mchuzi fulani una nguruwe, bali kama mafuta ya kukaangia bajia na vitunguu ni yaleyale yaliyokaangia nguruwe. Ulizeni hivyo hivyo, kwa maneno ya wazi, kabla ya kuagiza. Nchini Myanmar kwenyewe, migahawa ya Waislamu hutambulika kwa namba 786 iliyoandikwa mlangoni au kwenye kibao, na mkiiona namba hiyo hata ugenini, jueni kwamba mmefika kwa ndugu. Hapo ulizieni *danbauk*, biriani ya Kiburma, iliyofika huko pamoja na watu wa Bara Hindi kama yetu ilivyofika pwani. Asiyekula nyama aseme *thet that lut*, maana yake chakula kisichohusika na kuua, lakini aongeze kwamba hataki pia sosi ya chupa ya samaki waliochachushwa wala uduvi, kwa sababu vitu hivyo viwili huingia karibu katika kila saladi bila kutajwa. Mwenye mzio wa karanga au ufuta naye aseme mapema, tena amwambie mpishi na si mwenzake wa mezani.

Sasa kuagiza. Kwa watu wanne, agizeni saladi mbili, hin mbili za nyama tofauti, mboga moja ya majani, supu moja, na wali wa kutosha. Inatosha kabisa, na kama kuna mwenye njaa zaidi, ongezeni tambi za aina moja. Mkiwa sita, ongezeni hin ya samaki na saladi ya tatu. Kosa la kawaida la wageni ni kuagiza hin nne na kuacha saladi, kwa kudhani kwamba saladi ni pambo la pembeni kama kachumbari. Kwa Waburma saladi ni chakula kamili chenye heshima yake, na mimi huanzia hapo ninaposoma menyu.

Saladi ya kwanza iwe *lahpet thoke*, ya majani ya chai. Majani machanga ya mchai, mengi yakitoka vilima vya jimbo la Shan, hutiwa mvuke, hukandamizwa na kuachwa yachachuke kwa miezi kadhaa. Waburma wana msemo kwamba katika matunda bora ni embe, katika nyama bora ni nguruwe, na katika majani bora ni lahpet. Zamani, watu wawili waliokuwa na kesi walipokubali hukumu walikula lahpet pamoja kuonyesha kwamba ugomvi umekwisha. Katika migahawa mingi ya ugenini huletwa mezani ikiwa bado haijachanganywa, na hapo muiangalie kwa makini kabla haijaguswa. Katikati kuna fungu dogo la majani ya kijani kibichi iliyoiva hadi kukaribia weusi, yanayong'aa kwa mafuta; pembezoni kuna vilima vidogo vya karanga, dengu zilizokaangwa zikakauka, ufuta, vitunguu saumu vilivyokaangwa hadi rangi ya dhahabu, uduvi mkavu uliosagwa, nyanya, na kabichi iliyokatwa nyembamba. Mhudumu hukamua ndimu juu yake, kisha kwa vijiko viwili huyavuruga yote kutoka chini kwenda juu.

Msiile kabla haijachanganywa, na msiiache ikae baada ya kuchanganywa, kwa maana dengu zitalainika na uzuri wake wote utapotea ndani ya dakika kumi. Tonge la kwanza litawapa uchungu wa chai, kisha uchachu, kisha mafuta na chumvi ya uduvi, na wakati wote huo meno yanafanya kazi. Mwenzetu wa Bukavu, ambaye safari ya kwanza alishindwa kuimaliza, alisema safari ya pili kwamba sahani ile haikutaka tumbo lake lote, ilitaka vijiko vyake vitatu tu. Jambo moja la kukumbuka: haya ni majani ya chai, na kafeini yake imo. Mtu ambaye chai ya usiku humnyima usingizi aile mchana, au aonje kidogo.

Saladi ya pili inaweza kuwa ya tangawizi, *gyin thoke*, ambayo huchanganywa kwa namna hiyohiyo lakini huchangamsha zaidi. Au, kama katika kundi lenu kuna mtu anayeogopa vitu vigeni, mwagizieni *samusa thoke*. Ndiyo, ni sambusa. Hukatwa vipande, hutiwa kabichi, vitunguu, nanaa na ndimu, na mahali pengi humwagiwa mchuzi mwepesi wa dengu. Mtu wa pwani akiiona sambusa yake imekatwakatwa hivyo atakunja uso kwanza, lakini ataila.

Kuhusu hin, liko jambo linalowakosesha wengi, nalo ni mafuta. Mpishi wa Kiburma huponda vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili kavu, huongeza manjano, kisha hukaanga kwa moto wa taratibu mpaka maji yote yakauke na mafuta yatengane na viungo na kuelea juu. Hali hiyo huitwa *si pyan*, yaani mafuta yamerudi, na yeyote aliyefundishwa na mama yake asitie nyama mpaka mafuta yatoke juu ya rojo anaelewa linalosemwa hapa. Mafuta yale husaidia chungu kilichopikwa asubuhi kisiharibike hadi jioni katika nchi ya joto. Hayakuwekwa ili yanywewe. Ingizeni kijiko chini ya mafuta, toeni nyama na rojo kidogo, wekeni juu ya wali, na yaliyobaki yaacheni bakulini. Mtakuta kwamba viungo si vingi kama katika mchuzi wa Kihindi, wala hakuna sukari na tui kama katika michuzi mingi ya Kitailandi. Ladha inayotawala ni ya kitunguu kilichoiva kabisa. Kuku, samaki na kamba ni chaguo la salama. Msishangae nyama ya ng'ombe ikiwa haimo kwenye menyu, kwa kuwa Wabudha wengi wa Burma hujizuia kuila, wakimheshimu mnyama anayewalimia mashamba.

Mboga ya majani iwe *chin baung kyaw*. Hapa nawaomba msomaji wa Kongo na wa Tanzania wanisikilize kwa pamoja. Chin baung ni majani ya rozela, mmea uleule ambao Tanzania maua yake huitwa choya na kutengenezwa sharubati nyekundu, na ambao majani yake machachu Wakongo huyaita ngai-ngai. Waburma huyakaanga kwa vitunguu, pilipili, na uduvi au machipukizi ya mianzi, hadi yawe rojo la kijani lenye uchachu unaokata mafuta ya hin. Siku tulipoiagiza, mwenzetu wa Bukavu alinyamaza, akaonja tena, akatuuliza nani amempikia chakula cha kwao. Mama mwenye mgahawa alipoelezwa, alituletea tawi bichi la mmea wenyewe kutoka jikoni, na wawili hao wakaligeuzageuza mikononi kwa muda mrefu, kila mmoja akilitaja kwa jina lake. Mkikuta mboga hii kwenye menyu, msiiruke.

Pembeni wekeni *ngapi yay*, yaani ngapi iliyochemshwa kwa maji na kutiwa pilipili, ikizungukwa na matango, mboga mbichi na mboga zilizochemshwa kidogo. Harufu yake ni kali. Aliyezoea uduvi na ng'onda hatapata taabu. Asiyezoea achovye ncha ya tango tu, ale pamoja na wali, na ajipe nafasi ya mara tatu kabla ya kuamua.

Vyombo vyote huletwa kwa pamoja, na supu pia. Supu haitangulii chakula; hunywewa kijiko kimoja kimoja katikati ya matonge, ili kusafisha kinywa na kuteremsha mafuta, kazi ambayo kwetu mara nyingi hufanywa na maji. Kila mtu huanza na wali kwenye sahani yake, kisha huchota kidogo kutoka sahani moja, hula, ndipo huchota kutoka sahani nyingine. Kurundika kila kitu mara moja hakupendezi, na pia huchanganya ladha kabla hujazijua. Waburma wengi nyumbani hula wali kwa vidole vya mkono wa kulia, na mgahawani hutumia kijiko na uma; vijiti ni vya tambi. Ukitaka kula kwa mkono, nawa na ule bila wasiwasi.

Kama kati yenu kuna mkubwa, mchotee yeye kwanza. Desturi hiyo huitwa *u cha*, na hufuatwa hata pale wakubwa wasipokuwepo, ambapo watoto hutenga kwanza wali kidogo pembeni kwa heshima ya wazazi. Unapompa mtu sahani au kupokea kitu kutoka kwa mhudumu, toa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukigusa kiwiko cha mkono huo wa kulia. Wengi wetu tulifundishwa jambo linalofanana na hilo utotoni. Katika maduka ya chai ya Yangon, mji mkubwa wa Burma, wateja huwaita wahudumu kwa sauti ya kubusu, lakini hiyo ni desturi ya wenyeji miongoni mwao, na mgeni ainue mkono tu. Neno la kushukuru ni *kyei zu tin ba de*. Si fupi, ila mkilisema mara moja mtakuwa mmekwisha kufahamiana na jiko.

Mkienda asubuhi, mambo ni mengine, kwa kuwa asubuhi ni ya *mohinga*. Hii ni supu nzito ya kambare iliyopikwa kwa mchaichai, tangawizi, vitunguu na manjano, ikakolezwa kwa unga wa dengu au wa mchele uliokaangwa, na kumwagwa juu ya tambi nyembamba za mchele. Ndani yake hutiwa vipande vya kiini cha shina la mgomba. Mtu wa Bukoba au wa Kampala, aliyekulia chini ya migomba, huenda ikawa mara yake ya kwanza kulila shina lenyewe. Onjeni mchuzi kwanza ukiwa mtupu. Kisha ongezeni ndimu, giligilani na pilipili ya kusaga, na bajia za dengu au za mumunye zivunjeni juu mwishoni kabisa, zisije zikalowa. Mohinga ni chakula pekee katika mwongozo huu ambacho kila mtu aagize bakuli lake.

Tambi za *ohn no khauk swe*, za kuku na tui la nazi, ni za kumwanzishia mtu wa Mombasa au Unguja, na Wahindi waliohama Burma walizibeba hadi India na Pakistan, ambako hupikwa mpaka leo kwa jina linalokaribiana na hilo. Tambi za Kishan hazina tui na ni tulivu zaidi, huwafaa watoto.

Mwisho wa mlo ni chai. Chai nyepesi ya kijani mara nyingi huwekwa mezani bila malipo. Chai ya maziwa huitwa *lahpet yay*, ni nzito na tamu, na huendana na *palata*, ambayo ni chapati yetu ya tabaka, huliwa kwa mchuzi au kwa kunyunyiziwa sukari. Mtakuta pia *hpaluda*, kinywaji baridi kitamu cha maziwa, na hapana haja ya kumweleza faluda mtu aliyekulia pwani. Agizeni moja, na vijiko vinne.

Nchini Marekani kuna desturi ya kumwachia mhudumu asilimia 15 hadi 20 ya bili, kwa hiyo pangeni mapema nani analipa nini, kabla ya bili kufika. Saladi imalizeni palepale, kwani haihifadhiki. Hin iliyobaki ombeni mfungiwe. Kesho yake huwa tamu zaidi, ikipashwa moto polepole hadi mafuta yarudi juu tena, na sisi tumeila kwa ugali mara nyingi.